Siku ya Malipo na Kesho Yake: Mazungumzo kuhusu Uchumi wa Pombe

Hotuba iliyotolewa na Afisa Habari wa Halmashauri katika mkutano wa hadhara wa kata. Inachapwa hapa kwa ajili ya wananchi ambao hawakupata nafasi ya kuhudhuria.



Niondoe wasiwasi mapema. Sikuja kuhubiri. Viongozi wa dini wapo hapa meza kuu na kazi hiyo wanaifanya vizuri kuliko mimi. Wala sikuja kuwatetea wauza pombe. Nimekuja kwa sababu Kamati ya Maendeleo ya Kata imepokea barua mbili zinazopingana, na kabla ya mikutano ya vijiji kuzipigia kura, Kamati imeagiza wananchi wapewe maelezo.

Barua ya kwanza imetoka kwa kundi la wazazi. Wanaomba vilabu vyote vya pombe vilivyo jirani na senta vifungwe. Barua ya pili imetoka kwa akina mama wapika mbege. Wanaomba waruhusiwe kufungua tangu asubuhi, hasa msimu wa kahawa, kwa kuwa hapo ndipo fedha inapokuwa mikononi mwa watu. Wazazi wanaandika habari za watoto waliokosa madaftari. Akina mama wanaandika habari za watoto walionunuliwa madaftari kwa fedha ya mbege. Nimezisoma zote mbili mara nyingi, na naamini hakuna aliyedanganya.

Mimi si mchumi. Nina stashahada ya mawasiliano ya umma, na kazi yangu ni kueleza. Tena nina jambo la kukiri, ili msije mkalisikia kwingine: ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye pipa la mbege la mama yangu. Nimekua nikikoroga kimea cha ulezi na kuosha kata. (Wageni wajue kwamba kata ni kipimo cha kunywea mbege, na kata ni hili eneo letu la utawala. Leo tunazungumzia kata zote mbili.) Kwa hiyo nitakapozungumza juu ya muuza pombe, simzungumzii mtu wa mbali.

Tuanze na hesabu. Tuwafikirie vibarua wawili wa kubuni, wanaofanya kazi moja na kulipwa ujira mmoja. Kila mmoja hunywa chupa 16 za bia katika wiki nne, na tuseme kila chupa ni shilingi 2,000. Kila mmoja, basi, ametumia shilingi 32,000. Muuzaji akiwatazama, anaona wateja wawili walio sawa. Hata takwimu za unywaji wa nchi zikiwahesabu zitawaona sawa, kwa kuwa hujumlisha lita na kugawa kwa idadi ya watu.

Sasa tuwatazame kwa karibu. Wa kwanza hunywa chupa mbili Jumatano na chupa mbili Jumamosi, basi. Wa pili hanywi kabisa siku za kawaida, na pengine mkewe humsifia jambo hilo kwa jirani. Lakini kila baada ya wiki mbili, Ijumaa ya malipo, hunywa chupa nane usiku mmoja.

Chupa ya bia ya mililita 500 yenye nguvu ya asilimia 5 ina takriban gramu 20 za kilevi halisi. Shirika la Afya Duniani huhesabu kwamba mtu amekunywa kwa kupindukia anapofikisha gramu 60 au zaidi katika tukio moja. Kwa bia ya namna hiyo, ni chupa tatu. Najua baadhi yenu mnacheka, kwa sababu chupa tatu hapa kwetu huitwa kusafisha koo. Lakini mwili haujui utani. Kwa wastani, mwili wa mtu mzima huondoa kama gramu 7 hadi 10 za kilevi kwa saa, na hakuna kahawa wala supu ya kuuharakisha. Chupa nane ni gramu 160. Kibarua wetu akianza saa 12 jioni siku ya Ijumaa, mwili wake utamaliza kazi hiyo kati ya saa 4 asubuhi na saa 11 jioni ya Jumamosi. Kwa hiyo Jumamosi hakwenda kazini, au alikwenda na kurudishwa. Ikiwa ujira wa siku ni shilingi 10,000, na jambo hili hutokea mara mbili kila wiki nne, ongezeni shilingi 20,000 kwenye ile 32,000. Chupa ni zile zile 16, lakini huyu amelipa 52,000, na hapo hatujagusa nauli ya bodaboda ya usiku, simu iliyopotea, jeraha, wala maneno yaliyosemwa nyumbani ambayo hayana bei.

Hili ndilo jambo ninaloomba mlibebe kutoka mkutano huu. Chupa ya kwanza na chupa ya nane zina bei moja kaunta, lakini gharama zake hazilingani hata kidogo. Chupa ya kwanza hugharimu fedha. Ya nane hugharimu fedha, na kesho yake, na wakati mwingine mguu wa mtu aliyekuwa akivuka barabara. Bei haitoi onyo lolote mtu anapovuka kutoka huku kwenda kule. Ndiyo maana swali la unywaji wa kiasi gani kwa mwezi halitutoshi. Lazima tuulize pia ni mara ngapi, kwa mkupuo gani, siku gani na saa ngapi.

Mtu atasema: kama gharama ni kubwa namna hiyo, kwa nini mwenye akili timamu anaagiza chupa ya nane? Wengine hujibu haraka kwamba ni uvivu au tabia mbaya. Mimi nadhani sehemu kubwa ya jibu ipo katika mpangilio wa fedha yenyewe, na nitaeleza kwa mifano mitatu.

Mfano wa kwanza mnaufahamu wote. Watu wanne wameketi meza moja, na mmoja anamwambia mhudumu: leta kama tulivyo. Neno hilo ni zuri, ni la ukarimu, na kijamii linajenga. Kiuchumi ni mtego. Aliyeagiza amelipia chupa nne, na watatu waliobaki wamekuwa na deni la heshima. Hakuna atakayeinuka kabla hajarudisha. Kwa hiyo meza ya watu wanne haiwezi kwa adabu kuishia chini ya chupa nne kwa kila mtu, na chupa nne ni gramu 80, zaidi ya ile 60. Meza ya watu sita ni chupa sita. Tazameni kwamba kiwango cha kunywa hakikupangwa na kiu ya mtu yeyote pale mezani. Kimepangwa na idadi ya viti. Kijana aliyetaka chupa mbili amekunywa sita, na bado ameondoka akiambiwa ni bahili kwa sababu raundi yake ilichelewa.

Mfano wa pili unahusu wakati fedha inapofika. Kata hii ni ya kahawa. Chama chetu cha msingi kinapolipa, kinalipa kwa mkupuo, na siku hiyo senta hujaa. Wapo wanaosema dawa ni kulipa kidogo kidogo, ili fedha nyingi isikae mkononi kwa pamoja. Nilikuwa na mawazo hayo hayo mpaka nilipokutana na utafiti wa Lorenzo Casaburi na Rocco Macchiavello, uliochapishwa mwaka 2019, kuhusu wafugaji wa ng'ombe wa maziwa nchini Kenya. Wafugaji wale wangeweza kuwauzia wachuuzi wanaolipa taslimu kila siku, tena kwa bei ya juu. Wengi walipendelea kuuzia ushirika unaolipa mara moja kwa mwezi, kwa bei ya chini. Walikuwa tayari kupoteza sehemu ya fedha yao ili wasiipokee kila siku. Sababu ni kwamba fedha ya kila siku huyeyuka, na fedha ya mwezi hununua bati au kulipa ada. Utafiti ule haukuwa wa pombe, lakini unatufunza kwamba mkupuo wenyewe si adui. Mkupuo ndio unaojenga nyumba. Tatizo letu ni kwamba mkupuo wa kahawa hufika senta saa 10 alasiri, wakati ofisi za kuweka akiba zimeshafungwa na mlango pekee ulio wazi ni wa kilabu.

Mfano wa tatu ndio ulionisukuma kuandika hotuba hii. Mtafiti Frank Schilbach alifanya kazi na watu 229 wa kipato cha chini katika mji wa Chennai, kusini mwa India. Walikuwa waendesha riksho, zile baiskeli za magurudumu matatu zinazobeba abiria, kazi ambayo kwa ugumu wake haipungui hii ya bodaboda zetu. Wote walipewa mahali pa kuweka akiba kwa wiki tatu. Baadhi yao waliahidiwa malipo zaidi kila siku wanapofika ofisini wakiwa hawajalewa, na walipimwa kwa kifaa cha pumzi. Wengine walipata malipo bila sharti hilo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019: waliopewa motisha ya kutolewa mchana waliweka akiba zaidi kwa asilimia 50.

Mtafikiri akiba iliongezeka kwa sababu waliacha kununua pombe. Hapana, na hapo ndipo jambo hili linapopata uzito. Unywaji wao kwa jumla haukupungua sana. Wengi walisogeza tu saa ya kuanza, kutoka mchana kwenda usiku. Mapato yao nayo hayakuonyesha mabadiliko ya kueleza akiba ile. Kilichobadilika ni kwamba fedha ya siku iliamuliwa na mtu mwenye kichwa safi. Aliyeshika fedha saa 11 jioni akiwa mzima aliweka kwanza, ndipo akanywa kilichobaki. Na kuna jambo lingine. Walipoulizwa kama wangependa mpango wa kulipwa kwa sharti la kutolewa, au kulipwa zaidi bila sharti lolote, zaidi ya nusu walikuwa tayari kupoteza fedha ili wapate lile sharti. Watu hawa hawakuhitaji kuambiwa kwamba pombe inawamaliza. Walikuwa wanajua, na walikuwa tayari kulipia kizuizi ambacho wao wenyewe peke yao hawakuweza kukijenga.

Nimeona niyaseme haya taratibu kwa sababu katika mikutano yetu mnywaji husemwa kama mtu asiyejua. Mara nyingi anajua kuliko msemaji.

Sasa nije upande wa muuzaji, na hapa nazungumza kama mtoto wa nyumba ya mbege.

Bia ya kiwandani ikikosa mnunuzi leo, inakaa kwenye kreti mpaka mwezi ujao. Mbege haisubiri. Ndizi zimechemshwa na kuvundikwa kwa siku kadhaa, kimea cha ulezi kimeongezwa, na tangu hapo inaendelea kuchacha. Siku imeiva ndiyo siku ya kuuzwa. Kesho yake imekuwa kali, mteja anakunja uso, na kesho kutwa ni ya kumwaga. Mama aliyekopa ulezi sokoni ana jioni moja, au mbili akibahatika, kurudisha mtaji wake wote. Hali hiyo inamsukuma kufanya mambo mawili. Jambo la kwanza ni kuongeza kata ya ofa ili pipa liishe. Jambo la pili ni daftari.

Daftari la madeni, ndugu zangu, ndilo ninaloliogopa kuliko pipa. Mtu mwenye shilingi 1,000 mfukoni hukomea 1,000. Mtu mwenye jina ndani ya daftari hana pa kukomea, kwa kuwa usiku ule bei ya kata ni sifuri. Bei halisi ataiona siku ya kahawa, na siku hiyo fedha yake ina mwenyewe kabla hajaipokea. Nilipokuwa mdogo nilitumwa mara nyingi kusimama karibu na dirisha la malipo nikiwa na daftari la mama chini ya kwapa. Nilikuwa na miaka 12. Wazee wenye heshima zao walinipa fedha bila kunitazama usoni. Mama yangu hakuwa mtu mbaya, na bila madeni yale pipa lingemwagwa na mimi nisingesoma. Lakini mpaka leo najua kwa majina kaya ambazo fedha yao ya kahawa ilipita mkononi mwangu kabla haijafika jikoni kwao.

Biashara ya pombe popote duniani huwategemea sana wanywaji wachache wanaokunywa sana. Nchini Uingereza, watafiti walikadiria mwaka 2018 kwamba watu wanaokunywa kwa kiwango cha madhara, ambao ni asilimia 4 tu ya wakazi, huchangia asilimia 23 ya mapato yote ya mauzo ya pombe. Kwetu sina haja ya asilimia. Kila mama mpika mbege anaweza kuwataja kwa vidole wateja wanaomalizia pipa lake. Kwa hiyo tunapomwambia apunguze wanywaji wa kupindukia, tunamwambia apunguze wateja wake bora. Ni vizuri tukajua tunachomwomba.

Wananchi wengi huniambia: pandisheni bei, pandisheni kodi. Kodi ina nguvu, hilo ni kweli. Mwaka 2009 watafiti waliokusanya tafiti 112 walionyesha kwamba bei ikipanda kwa asilimia 10, unywaji wa bia hushuka kwa karibu asilimia 5 na wa pombe kali kwa asilimia 8. Lakini kwa wanaokunywa kwa kupindukia hushuka kwa karibu asilimia 3 tu. Zaidi ya hayo, ushuru wa bia hupangwa na Bunge, si na Halmashauri, na kodi iliyolenga vibaya humsukuma mtu maskini mahali pabaya zaidi. Kenya iliwahi kusamehe ushuru kwenye bia ya pipa ya bei nafuu, tangu mwaka 2004, ili kuwavuta wanywaji wa chang'aa. Mwaka 2013 msamaha ule ulipunguzwa kwa nusu, mauzo ya bia ile yakaporomoka, na mwaka 2015 Serikali ikalazimika kuurudisha kwa sehemu kubwa. Kiu ya watu haikuporomoka pamoja na mauzo. Nasi hapa tunajua gongo ipo, ingawa sheria imeikataza tangu miaka ya 1960, na gongo haina leseni ya kunyang'anywa wala saa ya kufungwa.

Kipo kitu kinachofanya kazi kama bei ingawa hakiitwi bei, nacho ni ukubwa wa kifungashio. Mnakumbuka viroba. Pombe kali kwenye mfuko mdogo wa plastiki ilimfanya hata mwenye sarafu chache aweze kulewa, tena akiwa juu ya pikipiki. Tarehe 1 Machi 2017 Serikali ilipiga marufuku mifuko ile. Wapo walioiona marufuku hiyo kama kero kwa wafanyabiashara, na kweli wapo waliobaki na mzigo ghalani. Lakini iliondoa mlango wa bei ya chini kabisa, ule uliokuwa wazi kwa mwanafunzi na kwa dereva wa bodaboda asubuhi.

Na kipo cha tatu, ambacho kipo mikononi mwetu: saa. Mji wa Diadema, kando ya São Paulo nchini Brazil, ulikuwa na mauaji mengi, na baa zake ziliweza kufanya kazi usiku kucha. Julai 2002 mji ule uliamua kwamba hakuna baa itakayouza pombe baada ya saa 5 usiku hadi saa 12 asubuhi. Haukukataza pombe, haukupandisha bei, na haukufunga baa hata moja kwa kuwa ni baa. Ulisogeza saa, na ukapeleka askari kuhakikisha kila usiku. Watafiti walikadiria kwamba mauaji takriban 9 yaliepukwa kila mwezi. Kata yetu si Diadema, na tunamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini mantiki ni ile ile ya chupa ya nane: saa ya kufunga haimgusi sana anayekunywa mbili, humgusa anayeelekea ya sita.

Sasa nizungumze juu ya Halmashauri yenyewe, maana haitakuwa haki kufungua daftari la mama yangu na kufunga la mwajiri wangu. Halmashauri hupata ada za leseni za vileo. Ni fedha halali, na imo katika bajeti. Ushuru mkubwa wa bia hukusanywa na Mamlaka ya Mapato na kwenda Serikali Kuu. Majeruhi wa usiku wa malipo, hata hivyo, hawapelekwi Serikali Kuu. Wanaletwa kwenye kituo chetu cha afya, wanashonwa na muuguzi wetu, kwa uzi ulionunuliwa na kituo chetu. Kwa maana hiyo mapato ya pombe hupanda juu na gharama zake hubaki kijijini. Ofisa yeyote atakayewaambia kwamba kila leseni mpya ni faida kwa kata, mwulizeni amehesabu upande gani wa daftari. Nimemweleza Mkurugenzi wangu kwamba nitasema maneno haya, naye alinijibu niyaseme kwa heshima. Naamini nimejitahidi.

Kamati imeniruhusu nitoe maoni yangu, kwa sharti niseme wazi kwamba ni yangu.

Sikubaliani na barua ya wazazi inapotaka vilabu vifungwe vyote. Kilabu kikifungwa, pipa linahamia nyuma ya migomba, na huko hakuna afisa afya atakayekagua maji. Kipato cha kaya kadhaa zinazoongozwa na wanawake kitakatika, na yule mnywaji wa chupa nane atapata kinywaji chake kama kawaida.

Vile vile sikubaliani na barua ya mama zangu inapotaka kufungua asubuhi. Naijua shida ya pipa lisilosubiri. Lakini tumeona kule Chennai kwamba saa za mchana ndizo saa ambazo fedha huamuliwa. Kilabu kikiwa wazi saa 3 asubuhi siku ya malipo ya kahawa, kinashindana na ada, mbolea na dawa ya kahawa, tena kinashinda kwa sababu ndicho kilicho karibu na dirisha.

Ninachopendekeza ni hiki. Vilabu vibaki, vifunguliwe jioni na kufungwa saa iliyoandikwa kwenye leseni, kama Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 inavyotoa mamlaka, na saa hiyo isimamiwe bila kumwonea aibu mtu yeyote, hata kama kilabu ni cha ndugu wa kiongozi. Chama cha msingi kiombwe kulipa asubuhi badala ya alasiri, na vikundi vya kuweka na kukopa viweke meza zao pale pale penye malipo, ili mwenye nia ya kuweka akiba asilazimike kuvuka senta nzima akiwa na fedha mfukoni. Mkulima anayetaka sehemu ya fedha yake ipelekwe moja kwa moja shuleni au kwenye akaunti ya kaya apewe fomu ya kuandika hivyo miezi kabla ya msimu, akiwa ametulia. Kwa wapika mbege, napendekeza zamu za kupika zipangwe ili siku moja isiwe na mapipa kumi yanayogombea wanywaji wale wale. Pipa likiwa na jioni yake, mama hana sababu kubwa ya kugawa ofa wala kukopesha. Na wenyewe wakubaliane, bila kusubiri sheria ndogo, kwamba hakuna kata inayoandikwa kwenye daftari. Wakikubaliana wote kwa pamoja, hakuna atakayempoteza mteja kwa mwenzake. Mmoja akikataa, makubaliano yamekufa, na mimi najua jinsi ilivyo vigumu, kwa kuwa mama yangu alijaribu mara mbili.

Raundi za mezani siwezi kuzitungia sheria. Naweza tu kusema kwamba nimeona vijana wa kijiwe kimoja cha bodaboda wakianza utaratibu wa kila mtu kulipia chake, na bado wanaitana ndugu.

Utaratibu wa maoni ni kama ifuatavyo. Karatasi zinapatikana katika ofisi ya Mtendaji wa Kata na kwa watendaji wa vijiji. Asiyeweza kuandika amweleze mtendaji, asomewe alichoandikiwa, ndipo aweke dole gumba. Maoni yatajadiliwa katika mikutano mikuu ya vijiji, kisha Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha yatapelekwa Halmashauri. Jambo lolote litakalohitaji sheria ndogo litapita Baraza la Madiwani na kupelekwa kwa Waziri mwenye dhamana, kwa hiyo halitakamilika msimu huu. Saa za malipo, meza za akiba, zamu za mapipa na daftari havihitaji Waziri.

Naomba niishie hapo nikae, maana namwona mama yangu mmoja pale nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja daftari, na sura yake inaonyesha ana mengi.